Kumuuza punda mkongwe na kumnunua mwingine: nifanyeje nisidanganywe, naye asiishie kisuni?

Swali: Mchukuzi wa Mwambani, Tanga

Assalaam alaykum ndugu zangu, na heshima kwa wakubwa wote mtakaousoma ujumbe huu. Nina jambo lililoninyima usingizi kwa wiki mbili sasa, nami nimeona heri niliweke mbele ya wenye uzoefu kuliko kuendelea kuliwaza peke yangu usiku.

Mimi ni mchukuzi wa mkokoteni wa punda hapa Tanga mjini. Nawachukulia mafundi mchanga na matofali, na mabomba yanapokauka nachukua maji kwa madumu. Kazi hii niliirithi kwa marehemu baba pamoja na punda jike tunayemwita Subira, ambaye kwa hesabu ya nyumbani hapungui miaka 18. Kwa miaka kumi amefungwa mkokoteni mmoja na dume aitwaye Jabali. Tangu mwaka jana Subira amekuwa akichoka mapema. Mzigo wa mchanga ambao zamani aliuvuta bila kusimama, sasa husimama nao mara tatu njiani, jasho limemjaa shingoni, nami huona haya kumpigia ukelele mnyama aliyetusomesha. Watu wa nyumbani wamekata shauri kwamba auzwe, na fedha zake ziongezwe tununue punda kijana.

Hapo ndipo mashaka yangu yanapoanza, kwa kuwa pande zote mbili za biashara hii zinanitisha. Kununua kunanitisha kwa sababu nimekwisha kuungua. Miaka mitatu iliyopita nilikwenda mnadani upande wa Handeni nikanunua dume kwa shilingi 280,000. Nilimchagua kwa kuwa alikuwa mpole kuliko wote: masikio yameinama, hapigi teke, ukimshika mguu anakuachia. Dalali aliniambia kwamba huyu ndiye punda wa kukaa mjini, hata mtoto atamwongoza. Nilimleta kwa lori pamoja na mbuzi wa watu. Siku ya tano aliacha kula, na siku ya kumi na moja tukamfukia. Afisa mifugo aliyekuja kumtazama alinifunulia ukope, nikaona utando wa ndani umekuwa mweupe kama karatasi. Alisema kwamba ule upole nilioulipia ulikuwa ugonjwa. Simu ya dalali haikupatikana tena.

Kuuza nako kunanitisha zaidi, kwa sababu wiki mbili zilizopita alinijia mtu nisiyemjua akamtaka Subira kwa bei inayokaribia ile ya punda kijana. Hakumfungua kinywa, hakutazama kwato, wala hakuuliza kama anavuta. Aliuliza tu kama amenenepa, kisha akataka nimpeleke usiku mahali fulani kwenye njia ya Horohoro, mpakani na Kenya, na fedha atanihesabia papo hapo. Nilimwambia nitafikiri. Tangu siku hiyo amenipigia simu mara nne, na kila akipiga moyo wangu huenda mbio, kwa sababu nina watoto watatu ambao ada zao zinasubiriwa na bei ile ingenitoa kwenye shida.

Naomba mnieleze kwa kinaganaga: punda wa kazi hukaguliwaje na mtu asiye daktari, na mtu mnyonge kama mimi amuuzeje punda wake mzee bila kumkabidhi kwa wachinjaji? Na naomba pia mniambie kweli kama ni udhaifu kumhurumia mnyama kiasi hiki ilhali nyumbani kuna upungufu.

Jibu: Afisa Mifugo Mstaafu, Korogwe

Waalaykum salaam mwanangu, na pole kwa hasara uliyoipata. Nimefanya kazi ya mifugo katika mkoa huu hadi kustaafu, na kisa chako nimekiona mara nyingi kwa sura mbalimbali, kwa hiyo nitaanza na huo upole.

Punda ni mnyama anayeficha maumivu. Ng'ombe akiumwa utamwona, mbuzi utamsikia, lakini punda husimama kimya, na mtu asiyemzoea hudhani ametulia. Punda mzima aliyeletwa mahali pageni miongoni mwa watu na makelele anapaswa kuwa na wasiwasi kidogo: masikio yageuke huku na huko, amtazame anayemkaribia, asogee. Yule unayemkuta amejitenga, masikio yamelala, na hata ukimpigia makofi karibu na uso hashtuki, huyo mwache hata kama bei yake ni nusu. Inaelekea huyo wako alikuwa na nagana, ugonjwa uenezwao na mbung'o, ambao humaliza damu polepole. Punda huuvumilia kuliko farasi, na anaweza kukaa nao miezi akionekana mzima, mpaka apate shida kama ya safari ya lori ndipo unapojitokeza. Kisha alipoacha kula likaongezeka jambo la pili ambalo wafugaji wengi hawalijui: punda asiyekula huanza kuyayeyusha mafuta ya mwili wake, mafuta hayo hujaa katika damu, ini likaelemewa, na ndani ya siku chache akafa hata kama ugonjwa wa kwanza ungetibika. Kwa punda, kuacha kula ni dharura ya siku hiyohiyo. Usingoje kesho.

Sasa ukaguzi. Mfike kabla hajafungwa chochote wala kubebeshwa. Mfunulie ukope wa chini: utando uwe na rangi ya waridi, usiwe mweupe wala wa manjano. Mpapase mgongo, mabega na kifua, mahali shogi, yaani mifuko ya mizigo ya mgongoni, na kamba za mkokoteni zinapokaa. Ukiona mabaka ya nywele nyeupe hapo, jua palikuwa na kidonda kilichopona. Si kosa la kumkataa, lakini linakueleza namna alivyotumikishwa na mahali pa kumwekea kitambaa kinene. Kidonda kibichi ni jambo jingine, hasa kama kipo karibu na mahali pa kuvutia mzigo.

Kisha mtembeze kwenye ardhi ngumu, si kwenye mchanga, kwa sababu mchanga wetu wa pwani huficha kuchechemea. Simama ubavuni, umtazame kichwa. Punda mwenye maumivu katika mguu wa mbele hukiinua kichwa juu kila mguu ule unapokanyaga, na hukishusha anapokanyaga kwa ule mzima. Inua kila mguu, uchokoe ndani ya kwato kwa kijiti, unuse. Harufu ya kuoza ina maana kwamba amekuwa akisimama katika tope na mkojo. Kwato zilizorefuka zikajipinda kwa mbele kama viatu vya ncha haziponi kwa kukatwa mara moja, na huenda zisirudi hali yake kamwe.

Umri utausoma katika meno ya mbele. Meno ya utotoni ni madogo na meupe, nayo hubadilika kuanzia katikati kwenda pembeni: mawili ya katikati karibu na miaka miwili na nusu, yanayofuata miaka mitatu na nusu, ya pembeni miaka minne na nusu, hata kinywa kikamilike akifika mitano. Baada ya hapo unakadiria kwa namna meno yalivyolika na yalivyolala kuelekea mbele. Kadiri anavyozeeka ndivyo yanavyoinama. Mtu akikuambia kwa meno peke yake kwamba punda huyu ana miaka tisa kamili, ujue anakisia. Lililo muhimu kwako ni kutonunua aliye chini ya miaka minne kwa kazi ya mchanga, kwa sababu mifupa yake haijakomaa, na mwenye kumfunga mapema humharibu magoti asiweze kufika hata umri wa huyo Subira wako.

Baada ya yote hayo, mtake muuzaji amfunge mkokoteni mbele yako, wenye mzigo wa kweli, avute umbali wa kutosha kutoka jasho. Msikilize pumzi wakati anavuta, halafu mngojee apumzike umsikilize tena. Kama ni jike, uliza habari za mimba, kwa sababu punda huchukua mimba kwa muda wa mwaka mzima hivi, na unaweza kununua mvuta mchanga ukajikuta na mama asiyefaa kufungwa. Mwisho, uliza kama amechanjwa pepopunda. Jina lenyewe la ugonjwa huo linatukumbusha kwamba wahenga waliujua kwa mnyama huyu. Msumari mmoja wenye kutu katika kwato watosha. Chanjo ipo, na gharama yake ni ndogo ukilinganisha na punda.

Kwa upande wa kuuza nitawaachia wengine. Ila hilo la huruma nalijibu: sijapata kuona mchukuzi aliyefanikiwa kwa muda mrefu ambaye hakuwahurumia wanyama wake.

Jibu: Mama wa Bweni, Pangani

Mwanangu, mimi si mtaalamu, nina punda wa kubebea nazi tu, lakini nimesoma ulipoandika kwamba Subira na Jabali wamefungwa pamoja miaka kumi, nikashtuka kuona hakuna anayekuuliza habari za Jabali.

Nilikuwa na majike wawili waliolelewa pamoja. Mume wangu alipougua tukamuuza mmoja kwa mtu wa ng'ambo ya pili ya mto, mtu mwema, sina la kumlaumu. Alipovushwa kwa kivuko, huyu aliyebaki alisimama ufukweni akilia hata jua likazama, na tulipomvuta kumrudisha nyumbani hakutaka kuondoka. Siku ya pili hakula. Siku ya tatu aligusa maji tu. Wakati ule sikuwa najua hayo ya mafuta kujaa katika damu ambayo mzee ameyaeleza, nilidhani ni huzuni itakayopita. Siku ya tatu jioni yule mnunuzi naye alituma mjumbe kusema kwamba punda wake hali chakula. Tulirudisha fedha, tukakopa kwingine kwa ajili ya hospitali, na punda akarudi kwa kivuko cha asubuhi. Walipoonana walisimama shingo juu ya shingo, bila kulia tena, na kabla ya adhuhuri wote wawili walikuwa wanakula majani.

Kwa hiyo usimhesabu Subira peke yake. Ukimtoa unaweza kumpoteza na Jabali, na hapo utakuwa umeuza mmoja ukanunua hasara mbili. Kama ni lazima watengane, mlete kwanza punda mpya akae nao wote wawili kwa wiki kadhaa, Jabali amzoee, ndipo Subira aondoke. Hata huko aendako awepo punda mwingine. Punda wa peke yake hateseki kwa njaa tu.

Watu husema asante ya punda ni mateke. Mimi methali hiyo siipendi, kwa kuwa nimewafuga kwa miaka zaidi ya ishirini na sijapata kupigwa teke na punda niliyemlisha mimi mwenyewe.

Jibu: Dalali wa Haki, Handeni

Ndugu Mchukuzi, pole sana. Mimi ni dalali wa mnadani na ujumbe wako umeniuma, kwa sababu mtu mmoja wa namna ile hutuharibia jina sote tunaoishi kwa kazi hii. Sikatai kwamba yapo. Lakini niruhusu nikueleze kosa ulilolifanya, ili usilirudie.

Watu wa mjini hufika mnadani saa tano, jua limeshakuwa kali, wanyama wamechoka, na mnunuzi mwenyewe ana haraka ya kuwahi gari la kurudi. Saa hizo punda wote ni wapole. Fika alfajiri, wanyama wanapoingia kwa miguu, uone nani anachechemea na nani anabaki nyuma. Halafu usimnunue kwa dalali asiyeweza kukuonyesha mwenye mnyama. Mimi kazi yangu ni kukukutanisha na mwenye mali, na kama mwenye mali hayupo, na hakuna anayejua boma alikotoka, hapo hakuna biashara, kwa kuwa punda wa kuibwa ni wengi na siku mwenyewe akimtambua kwa alama yake, utampoteza punda na fedha, na huenda ukalala ndani.

Njia iliyo bora kuliko mnada, hata kama inaninyima ujira wangu, ni kwenda bomani. Wafugaji wa Kimaasai wa huku kwetu na Kilindi wana punda wa kubebea maji ambao wamefundishwa na akina mama tangu wadogo. Kaa pale, kunywa chai, na muulize mama wa boma, usimuulize mwanamume. Mama ndiye anayejua yupi anauma, yupi anaogopa maji, na yupi huanguka akipewa mzigo. Na ujue kwamba punda wa kubeba mgongoni hajui mkokoteni. Utalazimika kumfundisha, na hapo Jabali ndiye atakayekuwa mwalimu.

Jibu: Mrejea Nyumbani, Bagamoyo

Habari za humu. Nimekuwa nikisoma kimya, lakini swali hili limenirudisha mbali. Kabla ya kurudi Bagamoyo nilifanya kazi kwa miaka kadhaa katika mazizi ya farasi huko Uingereza, na nataka ndugu yetu ajue kwamba hofu aliyonayo si ya umaskini wala ya ujinga. Nimewaona watu wenye mali nyingi wakitetemeka mikono siku ya kununua farasi, na nimewaona wakilia ndani ya gari baada ya kumuuza.

Huko mnunuzi makini hamlipi muuzaji kabla daktari aliyemchagua yeye mwenyewe hajamkagua farasi. Ukaguzi kamili una hatua tano: kwanza farasi hutazamwa akiwa ametulia zizini, macho, moyo, meno na ngozi, kisha hutembezwa na kukimbizwa kwa kuongozwa, kisha hupandwa na kufanyishwa kazi ngumu, kisha huachwa apumzike huku daktari akiendelea kumsikiliza, na mwisho hukimbizwa tena, kwa sababu kilema kinachojificha mwili ukiwa na joto huonekana baada ya kupoa. Jambo lililonifundisha zaidi ni damu. Daktari huchukua damu siku hiyohiyo na huhifadhiwa kwa miezi 6, na ikiwa farasi ataanza kuchechemea baadaye, damu ile hupimwa kuona kama alipewa dawa za maumivu au za kumtuliza ili auzike. Nilipokisoma kisa cha dume wako mpole nilikumbuka hilo mara moja. Sisi hatuna damu ya kuhifadhi, lakini tuna uwezo wa kumtazama mnyama siku mbili tofauti bila kumpa taarifa muuzaji, jambo ambalo mwenye kuficha hulichukia sana.

Wauzaji nao wana masumbuko yao. Hutangaza farasi, wakaja watu kumi, saba kati yao hawana nia ya kununua, wanataka kupanda bure siku ya Jumapili. Nimemwona bibi mmoja aliyekuwa na farasi mwenye umri kama wa Subira akiwakataa wanunuzi watatu wenye fedha taslimu, kwa sababu hakuna aliyeuliza farasi anapenda kula nini. Mwishowe hakumuuza. Alimtoa kwa mkataba wa kumtunza: familia nyingine ikamchukua kwa kazi nyepesi, wakalipia chakula na daktari, lakini umiliki ukabaki kwake, na mkataba ukasema kwamba wasipomhitaji tena watamrudisha yeye, si kumpeleka kwa mwingine. Wengine huuza kabisa lakini wakaandika kwamba mnunuzi akitaka kuuza, muuzaji wa kwanza ndiye aulizwe kabla ya mtu mwingine yeyote. Sioni kwa nini utaratibu huo usifanyike Tanga kati ya watu wawili wanaoheshimiana, mbele ya mwenyekiti wa mtaa.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini nazungumza habari za farasi katika pwani isiyo na farasi. Historia ya Bagamoyo yenyewe inajibu. Mwaka 1871 Stanley aliondoka hapa kwenda kumtafuta Livingstone akiwa na punda na farasi wawili, na farasi wote wawili wakafa mwanzoni kabisa mwa safari, wasifike hata karibu na Tabora. Nchi hii ya mbung'o ni ya punda, na ndiyo maana tungepaswa kuwa na utaratibu mzuri wa kumuuza kama walivyo nao wenzetu kwa farasi.

Jibu: Msaidizi wa Sheria, Chumbageni, Tanga

Nitasema machache, kwa kuwa mengi yamekwisha kuelezwa vizuri.

Huyo mtu wa njia ya Horohoro usimpe jibu la kesho. Punda anayeulizwa unene na asiyeulizwa kwato anatafutwa kwa ajili ya ngozi yake. Ngozi za punda huchemshwa nchini China kutengenezwa gundi inayotumiwa kama dawa ya kienyeji na kipodozi, na mahitaji hayo ndiyo yaliyowamaliza punda katika vijiji vingi vya Afrika. Serikali yetu ilipiga marufuku biashara ya kuwachinja mwaka 2022, na mwezi Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika wakakubaliana huko Addis Ababa kusitisha uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi barani kote kwa miaka 15. Biashara inayoendelea ni ya magendo, na ndiyo sababu inafanyika usiku. Ukimkabidhi mnyama katika mazingira hayo, wewe pia unaweza kuulizwa. Mweleze mtendaji wa mtaa wako, na namba ya simu iliyokupigia mpe.

Kuhusu kununua: kusafirisha mifugo kutoka wilaya moja hadi nyingine kunahitaji kibali cha mtaalamu wa mifugo, na kibali hicho kina faida mbili kwako, kwa kuwa mnyama hutazamwa na jina la muuzaji huandikwa. Andikeni hati ya mauziano mbele ya mtendaji, itaje rangi, jinsi, alama za mwilini, bei, na maneno haya yasikosekane: kwamba ulimweleza muuzaji unamtaka kwa kazi ya kuvuta mkokoteni. Chini ya Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, mtu ambaye hiyo ndiyo biashara yake, akielezwa kazi na mnunuzi akautegemea ujuzi wake, huchukuliwa kuwa ameahidi kwamba kitu kinafaa kwa kazi hiyo. Wenzetu Waislamu wanaijua pia khiyari ya kurudisha bidhaa kwa kasoro iliyokuwapo kabla ya mauzo na ambayo muuzaji hakuitaja. Kwa hiyo msiwe na haya ya kuyaandika yote hayo. Muuzaji mkweli hapotezi kitu.

Toa arubuni, usilipe yote. Sehemu iliyobaki ilipwe baada ya siku mlizokubaliana za kumwona akila na akifanya kazi kwako, na siku hizo ziandikwe.

Mchukuzi wa Mwambani amerudi

Ndugu zangu, nimechelewa kurudi kwa sababu nilikuwa nikiyatenda mliyonieleza. Mzee wa Korogwe, shikamoo, na Mungu akuzidishie umri. Mama wa Bweni, ulichokiandika nilimsomea mke wangu kwa sauti, naye ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema kwamba Subira asiondoke kabla ya Jabali kupata mwenzake.

Yule mtu alipiga simu mara ya tano, nikamwambia kwamba punda hauzwi kwake. Alipandisha bei palepale. Sitaitaja hapa, nisije nikamtia mwingine tamaa, ila nakiri kwamba nilinyamaza kwa muda kabla ya kulirudia jibu langu. Namba yake sasa iko kwa mtendaji.

Wiki iliyopita nilikwenda Kilindi, bomani, wala sikugusa mnadani. Nilikaa siku mbili. Nilionyeshwa punda wanne, na mama mwenye boma aliniambia waziwazi kwamba mmoja, yule niliyempenda kwa macho, huanguka magoti akishuka korongoni na maji. Nilimchukua jike wa kijivu mwenye kinywa kilichokamilika, ambaye alinikimbia mara mbili nilipomkaribia, na kwa mara ya kwanza nikaufurahia ukaidi. Ukope wake ni wa waridi. Nimetoa arubuni, kibali tumekipata, na kilichobaki nitalipa baada ya siku 14. Nilimtafutia lori lenye nafasi, si la kubanana, nikakaa naye nyuma njia nzima.

Kuhusu Subira, nimempata mzee mmoja wa Pongwe mwenye shamba la machungwa, ambaye ana punda jike mmoja aliyefiwa na mwenzake. Hana mchanga wa kuvutwa. Kazi itakuwa kubeba shogi mbili za machungwa kutoka shambani hadi barabarani, asubuhi tu, katika msimu. Hakuniuliza bei kwanza. Aliuliza kama Subira ana meno ya kutafunia mabua makavu au atahitaji kukatiwa majani. Nimekubali fedha kidogo sana kuliko nilizotarajia, na tumeandika mbele ya mwenyekiti kwamba asipomhitaji, anipigie simu mimi kabla ya mtu yeyote. Ada ya mtoto wa tatu bado haijatimia na nimeomba shuleni nilipe kwa awamu.

Sitampeleka mpaka yule wa kijivu na Jabali wazoeane. Kwa sasa wote watatu wamefungwa chini ya mwembe mmoja. Jabali jana alimkoromea mgeni, leo asubuhi nimewakuta wanakula kwenye karai moja. Swali langu la mwisho ni kwa mzee wa Korogwe: siku ya kumpeleka Pongwe nakusudia kumwongoza kwa miguu, alfajiri, bila mzigo, na Jabali asimwone akiondoka. Je, ni bora Jabali asione, au ni bora aone?

Jibu: Afisa Mifugo Mstaafu, Korogwe

Bora waende wote watatu, mwanangu. Waongoze pamoja hadi Pongwe, wakae kutwa na yule mwenyeji wao mpya, wale pamoja, kisha jioni urudi na wawili. Jabali atajua mwenzake ameachwa wapi na kwa nani. Chukua maji ya kutosha. Siku tatu za kwanza mpigie simu huyo mzee kila jioni umuulize jambo moja tu: amekula?